Kufunga kibodi ya konsoli FreeBSD: lock inajifungua yenyewe na Alt+F2 inapita, nifanyeje?

mwl_kibodi

Habari za humu wakuu, naomba msaada maana nimeshaaibika mbele ya wanafunzi mara mbili wiki hii na ya tatu sitaki.

Mimi nafundisha kompyuta sekondari. Maabara yetu ina mashine ishirini na kitu za mtumba, halafu kuna desktop moja ya zamani nimeiwekea FreeBSD 14 (mfumo endeshi wa jamii ya Unix), inakaa juu ya meza yangu, ndiyo inagawa intaneti na ndiyo inatunza mafaili ya madarasa yote. Haina X (madirisha ya picha) wala nini, ni konsoli nyeusi tupu ya maandishi. Kawaida yangu ttyv0 (skrini ya kwanza ya konsoli) naingia kwa akaunti yangu na ttyv1 (ya pili) naingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, naacha logi zinapita, najua, najua, msianze kunishambulia bado.

Jumatatu nikapiga `lock` pale ttyv0, ikaniuliza Key nikaweka, ikasema Again nikarudia, nikatoka kwenda kusaini daftari la mahudhurio. Narudi nakuta kijana wa kidato cha tatu kakaa kwenye kiti changu wenzake wamemzunguka wanacheka, naangalia skrini naona `root@yanga-bingwa`. Kabadilisha jina la mashine! Hakuharibu kingine namshukuru Mungu. Nikamuuliza umevunjaje lock akasema sijavunja mwalimu, nimebonyeza tu Alt na F2. Na kweli, nimerudi ttyv0 nakuta lock yangu ipo palepale imefunga vizuri kabisa, ni sawa na mtu kafunga komeo mlango wa mbele akasahau wa uani.

Basi Jumatano nikajifanya mjanja, nikatoka root kote, nikabaki ttyv0 peke yake, nikapiga lock nikaenda kula. Kama dakika arobaini hivi narudi konsoli iko wazi, imeandika `lock: timeout` na prompt inanisubiri. Mwanzoni nikajua wamekisia paswedi.

Sasa swali langu, hii draiva ya konsoli haina uwezo wake yenyewe wa kufunga kibodi? Yaani nipige amri moja kibodi ife kabisa mpaka niweke paswedi, hata wabonyeze nini. Na Ctrl+Alt+Del nayo, maana nina uhakika hiyo ndiyo itafuata.

---

chomoa_waya

mkuu mbona rahisi, chomoa kibodi weka kwenye droo funga na ufunguo. Bure kabisa na haihitaji draiva 😂

---

mwl_kibodi

@chomoa_waya nilishafanya hiyo mwaka jana. Walichomeka ya mashine ya jirani ikafanya kazi sekunde ileile.

---

ndugu_Ctrl

Tumia Ctrl+S mwalimu, ukibonyeza hiyo terminali inaganda haiandiki kitu chochote, ukirudi Ctrl+Q. Mimi natumia siku zote nikitoka ofisini.

---

salma_tty

@ndugu_Ctrl kaka samahani lakini hiyo siyo kufunga. Ctrl+S inasimamisha maandishi yanayotoka tu, kibodi inaendelea kupokea kila kitu. Jaribu leo: bonyeza Ctrl+S, halafu andika `touch /tmp/nimepita` gonga Enter, hutaona kitu kwenye skrini, ila ukibonyeza Ctrl+Q utakuta faili lipo. Kwa hiyo mtu anaweza kufuta kazi yako yote kwa upofu. Na Alt+F2 inapita vilevile.

Mwalimu, nakuja kwako, ila nianze na kwa nini ilitokea, maana ukishaelewa hapo mengine yote yanaeleweka.

Kitufe ukikibonyeza hakiendi moja kwa moja kwenye programu yako. Kinafika kwanza kwenye draiva ya konsoli, kwenye FreeBSD ya sasa inaitwa vt, zamani ilikuwa syscons. Draiva inakiangalia: hiki ni herufi ya kawaida au ni cha kwangu mwenyewe? Herufi anaipeleka kwenye tty iliyo mbele, hapo ndipo `lock` anakaa anasubiri paswedi. Lakini Alt+F2 ni ya draiva mwenyewe, anaimaliza hapohapo kwa kukuhamisha ttyv1, `lock` haambiwi hata kidogo. Ctrl+Alt+Del pia ya kwake, Ctrl+Alt+Esc pia. Ndiyo maana hakuna programu ya kawaida itakayoweza kufunga konsoli peke yake hata ikiandikwa kwa ustadi gani, ni lazima imwombe draiva. Na ombi lenyewe lipo, ni ioctl moja inaitwa VT_LOCKSWITCH. Ukiituma draiva anasimamisha bendera kwenye lile dirisha, na kila mtu akijaribu kuhama anakutana na bendera anarudishwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo na hapana. "Kibodi ife kabisa" hapana, vitufe vinaendelea kufika, isitoshe ingekufa kabisa wewe paswedi ungeiandika na nini? Kinachofungwa ni kuhama. Kibodi inabaki na njia moja tu, na kwenye hiyo njia amekaa lock.

Amri ni hii:

`lock -npv`

v ndiyo inayotuma hilo ombi kwa draiva. p inamaanisha tumia paswedi yako ya kuingilia badala ya kutunga Key mpya kila mara. Na n ndiyo dawa ya Jumatano yako: bila n wala t, lock ina muda wake wa kawaida wa dakika 15, zikiisha inaandika `lock: timeout` inajifungua inaondoka zake. Hakuna aliyekisia paswedi yako, ulienda kula dakika arobaini, wamekuta mlango umejifungua wenyewe. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa ajabu kwa programu inayoitwa kufuli, nadhani ilitungwa enzi terminali ni chache na watu wanazigombania, mtu akifunga akaenda nyumbani wengine wanakaa bila pa kufanyia kazi. Lakini iko hivyo, na imeandikwa kwenye `man lock`.

Ukitaka kuzuia kuhama bila kuweka lock, ipo `vidcontrol -S off`, inatuma ombi lilelile. `vidcontrol -S on` inaachia.

Halafu Ctrl+Alt+Del. Weka hizi kwenye /etc/sysctl.conf:

`kern.vt.kbd_reboot=0`
`kern.vt.kbd_halt=0`
`kern.vt.kbd_poweroff=0`
`kern.vt.kbd_debug=0`

Ile ya mwisho ni ya Ctrl+Alt+Esc inayoingiza kwenye DDB, dibaga (chombo cha kuchunguza hitilafu) ya kerneli, kiini cha mfumo. Kerneli ya GENERIC ya matoleo ya RELEASE haiji na DDB kwa hiyo kwako ingekuwa haina madhara, ila kama umewahi kujenga kerneli yako mwenyewe ukaweka DDB basi lock yote ni kazi bure, man ya vidcontrol inasema wazi kwamba mwenye DDB anaupita ulinzi huu kirahisi.

Na kitufe cha kuzimia mbele ya kesi, maana watoto wako wanaonekana wabunifu: `hw.acpi.power_button_state=NONE`. Wakishikilia kwa sekunde kadhaa itazima tu, hiyo ni umeme siyo FreeBSD.

---

mwl_kibodi

Dada Salma ubarikiwe sana, nimejaribu sasa hivi ila imenigomea, inasema `Inappropriate ioctl for device` halafu inatoka, haifungi kabisa. Nilitegemea basi angalau ifunge hata ile ya kawaida.

---

salma_tty

Uko ndani ya tmux?

---

mwl_kibodi

Ndiyo 😅 umejuaje

---

salma_tty

Kwa sababu tmux inagawa terminali moja kuwa nyingi, na ndani yake tty yako siyo ttyv0 tena, ni pts ya bandia, na pts haina dirisha la konsoli la kufunga. Ingekuwa hivyohivyo ukiwa umeingia kwa ssh, yaani kutoka mashine nyingine kwa mtandao. Jitoe tmux kwanza, Ctrl+b halafu d, ukibaki kwenye sheli tupu ndiyo upige lock. Kazi zako ndani ya tmux zinaendelea usijali.

Na kuhusu kugoma kabisa badala ya kufunga nusunusu, hapo naisifu. Walioiandika waliona afadhali ikatae kuliko ikuache unaondoka ukiamini umefunga kumbe mlango wa uani uko wazi, kama wewe Jumatatu.

---

MzeeWaDiski

Vijana mnanichekesha, mnatafuta kwa amri kitu ambacho sisi tulikuwa tunakizungusha kwa mkono.

IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuja na tundu la ufunguo mbele ya kesi, ufunguo wa chuma kabisa, na baadaye kila aliyeiga AT aliiga na tundu. Ukizungusha, kibodi inanyamaza. Siyo kwamba DOS ilikuwa inajua, DOS haikuwa inajua lolote. Waya wa ule ufunguo ulienda kwenye kidhibiti cha kibodi, chipu 8042, ikiona swichi imefungwa inavitupa vitufe hapohapo, kwa hiyo prosesa haipati hata herufi moja. Programu ikitaka kujua inasoma poti 64 heksa, biti ya 4 ikiwa sifuri ujue mtu kazungusha ufunguo. Basi. Hiyo ndiyo "kibodi ife kabisa" anayoitaka mwalimu, ilikuwepo miaka arobaini iliyopita!

Ila niwaambie na upande wa pili. Funguo zilikuwa zinafanana mno. Pale nilipoanzia kazi, ofisi siitaji, ufunguo mmoja ulifungua mashine tatu tofauti, na wahasibu walikuwa wanajua. Na ukifungua kesi unachomoa tu pini mbili ubaoni, kwisha habari.

Kabla ya hapo terminali za DEC, ile VT100, kwenye kibodi kulikuwa na kitaa kimeandikwa KBD LOCKED. Zile mtu wa mbali, yaani kompyuta kubwa, ndiye angeweza kukufungia kibodi. Mpaka leo amri yake ipo kwenye kiwango cha terminali, ESC halafu `[2h` inafunga, `[2l` inafungua, na xterm bado inaijua. Ndiyo maana wakati mwingine unafanya `cat` kwa faili la takataka halafu kibodi inakufa kwenye hilo dirisha tu, unadhani imeharibika.

---

pengwini254

Niaje wasee. Mimi siko FreeBSD, niko Debian (Linux), lakini hii story imenigusa juu kwa kazi tuko na seva kwa rack na KVM yake (kibodi na skrini moja ya seva zote) kila mtu anapita hapo. Natumianga `vlock -a`, hiyo nayo inafunga zote ama ni uongo pia? Na kitu ingine imenisumbua, kuna siku Xorg (ile X ya madirisha) ilikufa vibaya nikabaki na picha imeganda na kibodi haijibu kitu, hata Ctrl+Alt+F2 hakuna, nikadhani ni kibodi imelala. Hiyo ilikuwa lock gani sasa na sikuifunga mimi?

---

salma_tty

Pengwini maswali mazuri, na Linux wana njia tofauti kidogo nzuri kuijua.

`vlock -a` haitumii VT_LOCKSWITCH. Linux wanayo, physlock ndiyo inaitumia, ila inahitaji uwe root. vlock inafanya ujanja mwingine: inaiambia kerneli kwamba hii konsoli inaisimamia yenyewe, VT_SETMODE kwa hali ya VT_PROCESS, ni njia ileile Xorg anayotumia. Kuanzia hapo ukibonyeza Alt+F3 kerneli haihami, inamtumia vlock signali, "kuna mtu anataka kuhama, unaruhusu?" na vlock anajibu sifuri, yaani hapana. Kila mara hapana. Kwa hiyo siyo bendera ndani ya draiva, ni mlinzi anayeulizwa kila mtu anapofika getini. Ni kweli inafunga zote, na hata yuza wa kawaida anaweza kwenye konsoli yake.

Tatizo la mlinzi ni kwamba anaweza kuuawa. Alt+SysRq+K (SysRq ni kitufe cha Print Screen), wenyewe wanaiita SAK, inaua kila programu iliyoko kwenye konsoli ya mbele, vlock akiwemo. Hatapata sheli yako, kwa sababu nayo inakufa hapohapo na kinachorudi ni `login:`, lakini sasa konsoli inahama tena, na kama tty3 uliacha root wazi basi umekuwa mwalimu wa Jumatatu. Angalia `cat /proc/sys/kernel/sysrq`. Namba hiyo ni jumla ya ruhusa mbalimbali: Debian kawaida ni 438, na ndani ya 438 kuna 4, ambayo ndiyo inaruhusu SAK. Ubuntu ni 176, yaani 128 na 32 na 16, hiyo 4 haimo. Vlock ya Debian ina `-s` ya kuzima SysRq wakati umefunga, ila itumie pamoja na `-a`, yaani `vlock -as`. Ctrl+Alt+Del nayo izime, `systemctl mask ctrl-alt-del.target`, na usisahau `CtrlAltDelBurstAction=none` kwenye system.conf, kwa sababu hata ukiwa umeimask mtu akiibonyeza zaidi ya mara saba ndani ya sekunde mbili systemd (msimamizi wa huduma za Linux) anawasha upya kwa nguvu. Hii watu wengi hawaijui mpaka siku mtu amekasirika mbele ya kibodi.

Ile ya Xorg ni kinyume chake. Kerneli za Linux tangu 2.6.39 zina hali ya kibodi inaitwa K_OFF, Xorg akianza anaizima kibodi kwa upande wa konsoli ili unachoandika kwenye dirisha lake kisiende pia kwenye tty iliyo nyuma. Zamani hilo lilikuwa linatokea kweli, unaandika paswedi kwenye X inaonekana kwenye konsoli, balaa. Basi X akifa bila kusema kwaheri, hakuna aliyeirudisha, kibodi inabaki K_OFF. Tiba ni Alt+SysRq+R, inaichukua kibodi inairudisha mikononi mwa konsoli, halafu Ctrl+Alt+F2 itakubali. Lakini angalia tena ile namba, R nayo iko kwenye ile 4. Kwa hiyo Debian ingekuokoa, Ubuntu isingekuokoa, hapo unaingia kwa ssh unapiga `kbd_mode -f -u -C /dev/tty` na namba ya tty yenyewe.

Unaona utata wake? Biti hiyohiyo moja inakuokoa na pia inamfungulia mwizi. Mimi kwenye seva ya rack ningeizima, kwenye laptop yangu ningeiacha.

Kitu cha mwisho kwako, kama unaingia tty1 halafu unapiga `startx`, X ikafungukia tty nyingine, na unatumia kufuli ya X: Ctrl+Alt+F1, Ctrl+C, X inakufa na mtu anaikuta sheli yako wazi, kufuli yako nzuri ya rangi imeenda na X yake. Piga `exec startx`, X ikifa sheli nayo haipo tena.

---

pengwini254

Maze hiyo ya startx nimejaribu saa hii kwa mashine yangu... imefunguka. Miaka minne nikifunga skrini nikienda lunch 💀

---

chomoa_waya

Narudia, droo na ufunguo

---

mwl_kibodi

Wakuu narudi na matokeo, na tatizo jipya.

Lock imekubali nje ya tmux. Lakini jana nilifunga kwa `lock -nv` bila p, nikatunga Key ya haraka, baada ya vipindi viwili nimeisahau kabisa. Nikaenda mashine ya wanafunzi nikaingia kwa ssh nikapiga `pkill -9 lock`. Imekufa, ttyv0 ikarudi kwenye prompt yangu vizuri. Ila sasa Alt+F2 haifanyi kazi, F3 haifanyi, hakuna inayohama tangu jana na sitaki kuristati maana kidato cha nne wana mafaili wazi. Nimevunja draiva?

---

salma_tty

Hujavunja mwalimu. Unakumbuka nilisema ni bendera kwenye draiva. Lock ikiondoka kwa amani, kwa paswedi au kwa timeout, inaishusha bendera kwanza. Ulipoiua haikupata nafasi ya kushusha, na draiva hajui kwamba aliyeiweka amekufa, kwake kuhama bado ni marufuku. Hapa ndipo njia ya Linux ina nafuu, vlock akifa mlinzi ameondoka na geti linafunguka lenyewe. Hapa bendera inabaki hata mwenyewe akizikwa. Nzuri au mbaya? Kwa usalama mimi naipenda hii ya FreeBSD, kuua programu hakukufungulii kitu.

Kwa kuwa umeshaingia pale ttyv0, piga tu `vidcontrol -S on`. Kama ungekuwa mbali kwa ssh, ukiwa root unapiga `vidcontrol -S on < /dev/ttyv0`, huo mshale ni muhimu kwa sababu vidcontrol inafanya kazi kwenye tty iliyo mbele yake, bila mshale itajaribu pts yako ya ssh na kulalamika kama ile ya tmux.

---

mwl_kibodi

Imekubali papo hapo. Asante sana dada.

Na ile ya kibodi ya jirani, kwa nini wakichomeka nyingine inafanya kazi bila hata kuuliza?

---

salma_tty

Kuna kitu kinaitwa kbdmux, kinakusanya kibodi zote zilizochomekwa kinazifanya kama moja, ili wewe usihangaike ukichomeka ya USB wakati ya PS/2 ipo. Kwa hiyo kibodi ya pili inamwaga maji kwenye bomba lilelile. Ndiyo faida ya kufunga kwenye draiva ya konsoli badala ya kwenye kibodi: walete hata kumi, zote zinaishia kwa lock. Ufunguo wa MzeeWaDiski leo ungeshindwa hapo, unanyamazisha 8042 wakati mtoto kachomeka USB.

Mambo mawili ya kumalizia. Moja, kwenye /etc/ttys zima ttyv2 mpaka ttyv7 kama huzitumii, badilisha neno la onifexists (au on) liwe off halafu `kill -HUP 1`, hata siku ukisahau v hakuna pa kuhamia ila ttyv1. Usiache root ameingia popote, logi waweza kuzisoma kwa akaunti yako ukijiweka kwenye kundi linaloruhusiwa. Pili, kwenye faili hilohilo laini ya console ina neno secure mwishoni, ukiandika insecure basi mashine ikiwashwa kwa hali ya yuza mmoja inadai paswedi ya root kwanza. Bila hiyo mtoto anazima kwa kitufe, anawasha, anachagua single user kwenye menyu, anapewa root kama zawadi. Ila paswedi ya root iandike mahali, ukiisahau hiyo kujiokoa ni kazi ya flashi na jioni nzima.

Na akiamua kufungua kesi akachukua diski, hapo console haihusiki tena, ni geli (kusimba diski) ndiyo ya kuongelea, fungua uzi mwingine.

---

MzeeWaDiski

Binti kaniweka sawa kuhusu USB, nakubali. Enzi zangu kibodi ilikuwa moja na waya wake mmoja mnene kama wa pasi.

---

mwl_kibodi

Taarifa ya leo kwa mliofuatilia. Nimefunga `lock -npv`, nikakaa nyuma ya darasa najifanya nasahihisha madaftari. Yuleyule wa yanga-bingwa kaja, kabonyeza Alt+F2, kimya. F3, F4, mpaka F8, kimya. Ctrl+Alt+Del, kimya. Kaenda kuleta kibodi ya mashine namba saba, kachomeka, karudia zote, kimya. Halafu kaja mpaka nilipo, kwa adabu zote, ananiambia mwalimu nadhani mashine yako ina virusi, nikusaidie kuifomati?